Marcelina na Ugali wa Yanga

"Mama, kwani wewe umekuwaga Simba tangu lini?" Gati aliuliza, tonge mkononi.

Mama yake, Marcelina wa mtaa wa Nyasho, alimsukumia sahani karibu. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni, na unga uliopatikana ulikuwa wa mahindi ya msaada, wa njano kama jezi za Yanga, watani wa Simba, ndiyo maana Musoma nzima iliuita yanga. Marcelina aliusonga vizuri, akawapakulia watoto, kisha yeye akatafuna kiporo cha muhogo pembeni.

"Kuleni nyie. Nimeshasema, mimi Simba damu, yanga silagi!"

Basi watoto wakaona kumbe hapa kuna timu. Kesho yake Bernado, wa darasa la pili, akasukuma sahani. "Na mimi Simba!" Gati naye akamfuata. Mama akabembeleza, akafoka, akatisha kwa mwiko, wapi! Wakaenda shule na matumbo matupu, hadi siku Bernado alipoanguka mstarini, akarudishwa nyumbani mgongoni mwa mwalimu.

Jioni ile Marcelina alikaa nao mkekani, akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa dagaa, akameza.

"Nimehama timu," alisema.

Bernado alimkodolea macho, kisha akanyoosha mkono. Sahani ilifutwa.

Miaka ikapita, maduka yakajaa sembe nyeupe. Siku moja Gati, sasa mama wa watoto wawili, akamrudia na swali lake. Marcelina akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Simba gani, mwanangu? Hata mpira wenyewe sijawahi kuuona. Unga ulikuwa hautoshi watu watatu."