Mama Alipomuuliza Waziri wa Ulinzi

Kaka yangu aliingia jeshini kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Alipouawa vitani, alikuwa hajaiona nyumba yetu mpya karibu na Kwedizinga. Sisi wengine tulilia kwa kuwa alizikwa mbali. Mama alikuwa na lake. Kila jioni alikwenda hadi mwisho wa kijiji, akatazama upande wa mahame, kule tulikoibomoa nyumba ya zamani, kisha akarudi.

"Anakohoa kule," aliniambia siku moja. "Anatuita, na sisi hatupo."

Nami nikaanza kukisikia kikohozi kile kikavu cha kaka. Nilikisikia nikichota maji, nikakisikia nikisonga ugali.

Vita vilipokwisha tukaitwa Korogwe. Waziri wa Ulinzi alikuwa anakuja kuwapa pole wafiwa. Tukiwa kwenye lori, Mama aliniuliza waziri ana nyota ngapi begani.

"Hana, Mama. Waziri si askari."

Hakuniamini.

Ukumbini akaingia mtu mwembamba wa makamo, amevaa miwani na suti ya mikono mifupi. Maafisa wenye nyota zao wakasimama wima na kumpigia saluti. Yeye aliinamisha kichwa tu. Mama akanibana mkono mpaka ukauma.

Alipofika kwetu alisema, "Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Mkubwa wa majeshi ni Rais. Mimi namsaidia kuyasimamia."

"Umewahi kushika bunduki?"

Afisa mmoja akasogea, waziri akamzuia kwa mkono.

"Sijawahi, mama. Kazi yangu ni ya ofisini."

"Sasa ulimpelekaje mwanangu mahali ambapo wewe mwenyewe hukwenda?"

Waziri alivua miwani, akabaki ameishika. "Nchi ilivamiwa, mama. Tulikaa, tukaamua vijana waende. Na mimi nilikuwa mmoja wa walioamua."

"Umesema kweli," Mama alisema. Nilidhani atalia, lakini hakulia. "Basi niletee aliyemzika. Aje aseme kule kwenye mahame yetu, mwanangu asikie kwamba amekufa. Hajui. Anazunguka."

Nilitaka ardhi inimeze. Waziri hakucheka. Akamgeukia afisa aliyekuwa nyuma yake, akamwambia, "Atafutwe."

Masika yalipokwisha, akaja sajenti mmoja anayechechemea. Tulimpeleka mahame. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na pale palipokuwa jikoni yalibaki mafiga tu. Sajenti alivua kofia, akasimama bila kujua aangalie wapi. Kisha akaanza kusema na kaka yangu kana kwamba yuko mbele yake.

"Nilikufunika mwenyewe, ndugu yangu. Tulikulaza kando ya migomba, tukakuelekeza kibla. Hukukaa juani. Vita vimekwisha. Pumzika."

Mama akaongeza, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtoto dukani, "Na sisi tumehama. Vuka korongo, fuata njia ya kisimani. Nyumba yetu ina mlango wa bati."

Majani yakatikisika upande mmoja, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Sajenti alivaa kofia haraka, akatutangulia njiani licha ya mguu wake.

Toka siku ile Mama hakwenda tena mwisho wa kijiji. Mimi ndiye niliyeendelea kusikia kikohozi, sasa nyuma ya jiko letu, karibu kabisa. Sikumwambia.

Miaka ikapita. Asubuhi moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, redio ikatangaza baraza jipya la mawaziri. Wizara ya Ulinzi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Mama aliacha kupukuchua, gunzi mkononi.

"Yule wa miwani ameondoka?"

"Ameondoka, Mama."

"Na huyu mpya, wamemwambia habari za mwanangu? Wamekabidhiana?"

Redio ilikuwa imeshahamia bei za mazao, na Mama alikuwa bado ananitazama.