Gemu Inaitwa Nchi ya Jua, na Mvua Haikatiki

Nyinyi watu mna haraka mno. Mmecheza gemu kidogo tu, joka limewaua mara mbili palepale getini, halafu hao, mbio kwenye komenti: "Jina na gemu haviendani." "Nchi ya Jua gani hii inanyesha mwanzo mwisho?" Mmoja kaandika, "Nimelipia jua, nimepewa homa ya mapafu." Watu wakacheka, wakampigia makofi, na komenti yake ikapanda juu kabisa ya ukurasa. Huyo hakujua anachokigusa.

Haya, tulieni. Kuna mama mmoja ambaye lile jina limepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kitu.

Ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake utazunguka mpaka miguu ikuvimbe. Ana vyumba viwili na ua mdogo wa saruji kwa nyuma. Chumba cha mbele ndicho kazini: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, bakuli la maji, na pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mdogo kwenye kifuniko. Ya umeme anayo, iko kabatini. Anasema hiyo ni ya watu wasiojua kusubiri.

Jua likiwaka, kazi yake ni nyepesi. Nguo zinaanikwa uani, zinakauka, zinapigwa pasi, mwenyewe anachukua. Shida ni msimu wa mvua. Suti ya harusi haijui kama nje kunanyesha, mwenyewe anaitaka Jumamosi. Basi kamba zinaingia ndani. Zinafungwa kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi kwenye msumari ulio juu ya kitanda, na familia inaishi humo katikati ya mashati ya watu. Ukitaka kumuona mwenzako, unafunua shuka kwanza.

Humo ndimo alimolelea watoto wake wawili, binti na kijana. Binti alikuwa mzima kama jiwe. Kijana kifua kilimbana tangu mdogo. Msimu wa mvua ukiingia, pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi, unaisikia mpaka mlangoni. Mama akambeba hadi kwa daktari, na daktari akauliza swali moja tu la maana: "Nyumbani kuna unyevu?"

"Kidogo," mama akajibu.

Kidogo, wakati suruali za watu zilikuwa zinadondosha maji hadi kwenye mto wa mtoto. Daktari akasema unyevu si mzuri kwa kifua kama hicho, ajitahidi. Ajitahidi vipi? Nguo ndizo zilizokuwa zinawalisha. Akarudi nyumbani, akasogeza kamba pembeni kidogo, na lile "kidogo" lake likamkaa rohoni, halijatoka mpaka leo.

Kijana akakua na kifua chake hivyohivyo. Akajifunza kompyuta, akaanza kutengeneza gemu na rafiki yake mmoja wanayemwita Mrefu. Mrefu alishughulikia mapigano, silaha na majoka. Kijana wa Mama Pasi alichora nchi yenyewe, njia zake, nyumba zake, watu wake. Msimu wa mvua uliopita kifua kikambana kuliko siku zote. Akalazwa, na hakurudi. Gemu ilikuwa imebaki kumaliziwa tu.

Mrefu akaimalizia peke yake. Halafu siku moja akaja pale kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inama, kamba hiyo itakukata shingo. Nani alikutuma urefuke hivyo?"

Mrefu akainama, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, magoti yakamfika kidevuni. Alikuwa na jambo. Gemu iko tayari, akasema. Wiki ijayo inatoka. Watu waliopewa kuijaribu wameipenda, ila wote wamejikwaa palepale, kwenye jina. Ni nchi ya kale ya wachawi na majoka, imepigwa laana, mvua hainyamazi, mto umepanda hadi kwenye ngazi za ikulu. Hata ukishinda, jua halitoki. Sasa nchi hiyo unaiitaje Nchi ya Jua?

"Tumepata jina lingine. Ufalme wa Gharika," akasema. "Lakini mwenzangu aliniapisha kule wodini, jina lisiguswe mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo. Ndiyo maana nimekuja, mama."

Mama Pasi alikuwa kwenye kola ya shati. Hakuinua macho. Akili ilimpeleka moja kwa moja pale alipokuwa anapaogopa. Mvua isiyokatika. Kumbe mtoto aliibeba ile nyumba mpaka mwisho. Kaichora yote, unyevu na baridi yake, halafu kaipa jina la kejeli ili mama yake aje alisome mbele za watu.

"Badilisheni," akasema.

"Si lazima uamue sasa hivi, mama. Ukipenda uitazame kwanza..."

"Nimesema badilisheni. Hata leo."

Binti yake, ambaye anauza kwenye duka la dawa, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, mkoba bado begani. Huyo mdomo wake haujui breki.

"Hee! Mama, umekubali kitu hujakiona hata kwa jicho moja?"

"Wewe usiniingilie."

"Sikuingilii. Jina halifai, hata mimi nasema. Ni kama nikuandikie Duka la Dawa mlangoni, uingie unikute nauza matairi. Lakini kaka yangu hakuwa mpuuzi."

Mrefu, mtu wa aibu zake, hakutaka kuingia katikati ya mtu na mwanawe. Akaacha kompyuta mezani, akasema gemu iko ndani, jalada jipya litaanza kuchorwa, na Jumatatu atapita kuichukua abadilishe jina na ndani ya gemu. Akaondoka ameinama vilevile. Mama akapanga suruali zilizokunjwa juu ya ile kompyuta mpaka haikuonekana tena.

Jumapili mvua ikashuka tangu asubuhi. Kamba zikaingia ndani. Mchana binti akazitoa zile suruali, akafungua kompyuta mwisho wa meza, akaanza kucheza. Mama akaketi upande wa pili wa shuka zilizoning'inia, kaigeuzia gemu mgongo, anakunja soksi. Pasi ilikuwa kwenye kigae chake, mkaa unapumua.

"Mama, njoo uone mchawi anavyonifukuza. Sura kama yule mteja wako wa kanzu mbili."

"Cheza, uniache."

"Ananimaliza! Toka, mchawi wewe, toka! Wallahi mstari wa uhai umebaki kauzi."

Kwenye gemu ile, mvua yenyewe inakula uhai wako. Ukikaa nje sana unaisha. Watu wengi wanaokota chupa za dawa njiani, wanakunywa huku wanakimbia, wala hawasimami popote. Binti hakuzijua hizo chupa. Aliona nyumba ya kwanza, imefungwa kwa shuka nyeupe badala ya mlango, na mkono wake ukaifunua bila kufikiri, kama alivyozoea kufanya humu ndani tangu utoto. Akaingia.

Ikasikika: *chwii*.

Mama Pasi akaruka na soksi mkononi. "Nani kagusa pasi yangu?"

Hakuna aliyeigusa. Pasi ilikuwa palepale kwenye kigae. Lakini ule mlio anaujua kuliko sauti yake mwenyewe. Kila anapotaka kujua kama pasi imepata moto, anachovya kidole kwenye bakuli, anarusha tone. Ikilia chwii, twende. Ikinyamaza, anapuliza mkaa. Akakumbuka siku kijana alipoweka simu yake mezani karibu na pasi, naye akamfokea: "Ondoa hiyo kitu, baba, nisije nikakuunguzia." Alikuwa amezoea kumwita baba. Kijana akacheka tu, simu akaiacha. Kumbe alikuwa anarekodi.

Akazifunua shuka moja moja, akafika mbele ya kioo.

Nchi yote aliyokuwa anaisikia kwa nyuma ilikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Ndani ya hii nyumba mlikuwa na rangi ya manjano. Kamba kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi kwenye msumari juu ya kitanda. Katikati, mama mmoja mnene amewapa mgongo, anapiga pasi, na mwanga wote wa chumba unatoka kwenye vitundu vya ile pasi. Juu ya kifuniko, jogoo.

Yule mama wa kwenye gemu hakusema neno. Alimaliza shuka aliyokuwa nayo, akaitandika kitandani, akarudi mezani. Mchezaji wa binti akalala. Mstari wa uhai ukaanza kupanda.

"Mbona unajaa kwa kuvuta miguu hivi?" binti akasema. "Ngoja nitoke, nikatafute upanga."

"Usimtoe."

"Mama, haujajaa hata nusu."

"Nimesema muache alale."

Binti akaondoa mikono, na wote wawili wakabaki kumtazama mtu wa kuchorwa amelala.

Mama Pasi alikuwa amelisahau hili. Tuseme hakulisahau, ila hakuwahi kulipa uzito. Misimu ya mvua, kila jioni, kazi yake ya mwisho baada ya nguo za wateja ilikuwa shuka ya mtoto. Aliipiga pasi mpaka unyevu wote ukaisha, akaitandika ikiwa bado ya moto, akamlaza palepale na kumfunika kifua. Filimbi ikapungua. Mtoto akalala. Kwake hiyo ilikuwa kazi moja zaidi kwenye siku ndefu. Miaka yote hii akilini mwake alibaki na suruali zinazodondosha maji, basi.

Hakulia. Alinyoosha mkono, akagusa kioo kwa mgongo wa vidole, kama anavyogusa nguo kujua imekauka au bado.

Jumatatu Mrefu akaja kuchukua kompyuta yake.

"Jina la kwanza lirudi," mama akamwambia kabla hajapata hata pa kukaa.

Mrefu akajishika kichwa. "Mama, picha ya jalada imeshachorwa kwa lile jipya. Na mimi pia nimekesha kwenye hii kazi. Mtu akisoma Nchi ya Jua atasubiri jua. Asipoliona atasema tumemdanganya."

"Ana haki ya kusema. Halifai, na dada yake keshasema halifai. Nchi ni yote ile ya nje inayonyeshewa, kitanda kimoja si nchi. Sibishani na wewe." Akachovya kidole, akarusha tone kwenye pasi. Chwii. "Lakini nililifuta kwa hofu yangu. Sasa nimepaona alipolitoa yeye. Lirudishe, mwanangu."

Mrefu akageuza macho. Alikuwa anaitazama pasi, na jogoo wake, na kamba, na msumari. Alikuwa ameshaingia mle ndani mara nyingi lakini macho yake yalikuwa kwenye nguo za kuinamia tu.

"Kwa ajili ya kile kitanda cha kwenye gemu tuligombana," akasema taratibu. "Nilimwambia mstari unachelewa kujaa, wachezaji watachoka, tufupishe. Akakataa katakata. Tukanuniana. Akaniambia, hapo ndipo gemu ilipo, huko kwingine kote ni njia ya kufika. Nikadhani ni ugonjwa unaongea."

Mama akaweka pasi chini. Kuna swali alilokuwa nalo tangu mazishi.

"Aliwahi kukwambia kifua chake kiliharibikia wapi?"

"Hapana, mama."

"Hakusema kitu kuhusu nyumba hii? Niambie tu, sitaanguka."

"Alisema ilikuwa na joto," Mrefu akajibu. "Kila tulipokuwa tunafanya kazi kwangu alikuwa analalamika kwamba kwangu kuna baridi, kwao kuna joto. Nilikuwa namcheka."

Hilo halikumtoa mama lile "kidogo" alilomjibu daktari. Lipo. Mimi sitawadanganya hapa kwamba mambo yaliisha, watu wakakumbatiana. Aliinua pasi, akarudi kwenye shati la mtu, akapiga kola ileile mara tatu mpaka binti, aliyekuwa ametoka kazini, akamsogezea stuli akae.

"Komenti zitatumaliza," Mrefu akasema mlangoni, ameinama.

"Ziache zije," binti akajibu. "Nitamsomea mwenyewe."

Basi gemu ikatoka na jina lake. Jalada likachorwa upya kwa haraka, ndiyo maana yale maandishi yamekaa upande, na hilo pia mmelilalamikia.

Nawaomba kitu kimoja. Ukiifungua tena usiokote zile chupa za njiani. Tembea kwenye mvua mpaka uhai ukaribie kuisha, tafuta nyumba yenye shuka nyeupe mlangoni, ingia, lala, weka mikono pembeni na usubiri mstari ujae wote. Ukitoka hapo bado ukaona jina halifai, andika, hata mama mwenyewe anakubali halifai. Ila wewe wa homa ya mapafu, ile komenti yako ifute leo. Kila jioni binti anamsomea mama, na akifika kwenye yako anairuka, na mama anajua kwamba kuna kitu kinarukwa.