Mama Chaki hajui kuendesha gari, lakini magari 34 ya mtaa yanamsikiliza

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mama Chaki amesimama pale mtaa unapokutana na barabara kubwa, kitambaa kibichi begani, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Mbele yake magari yamejipanga safu mbili, pua kwa mkia, mpaka ukuta wa mwisho. Katikati ya safu hizo hata mtu mnene angepita kwa ubavu.

Gari la kwanza linaunguruma. Ni la muuguzi wa nyumba ya nne. Akifika kwa Mama Chaki anashusha kioo, anamkabidhi chupa ya chai na kuondoka. Jioni atarudishiwa chupa imeoshwa na kukaushwa.

Mama Chaki anaugeukia ubao mweusi uliopigiliwa kwenye kibanda chake, anafuta mstari mmoja. Linafuata gari la mwalimu. Dakika tano baadaye la fundi umeme, ngazi imefungwa juu. Hakuna honi wala wa kumwambia mwenzake arudi nyuma.

"Ukisikia honi, ujue mimi ndiye nimekosea," anasema, macho yake yakiwa kwenye gari linalofuata.

Mtaa huu una nyumba 29 na magari 34, na hautokei popote. Ulipojengwa, upana wake uliwatosha watu wa miguu na mikokoteni. Leo magari mawili yakisimama sambamba, njia imekwisha. Kwa hiyo safu ya kushoto ni ya wastaafu na wanaotoka kwa nadra. Safu ya kulia, ambayo ndiyo njia yenyewe, ni ya wanaowahi kazini, na hupangwa kwa saa ya kutoka. Wa kwanza kuondoka analala karibu na barabara, wa mwisho analala kwenye ukuta.

Ndiyo maana kila jioni Mama Chaki hana salamu nyingine. Anayeingia na gari huulizwa jambo moja tu: "Kesho unatoka saa ngapi?"

Jibu linaandikwa ubaoni, ila si mara zote kama lilivyotajwa. Mwalimu akisema saa kumi na moja na nusu, Mama Chaki anaandika kumi na mbili. "Watu hunitajia saa wanayotamani kuamka," anaeleza huku akicheka. "Mimi naandika saa watakayoamka."

Ana miaka 59. Ujuzi huu aliupata ghalani, alikopanga mitungi ya gesi kwa miaka kumi na minne, mpaka mgongo ulipomkatalia. Huko alijifunza kwamba kitakachotoka kwanza kinaingizwa mwisho. Alikuja mtaani hapa kama mlinzi, akapewa kibanda, kiti na filimbi ambayo hajawahi kuipuliza.

Miaka saba iliyopita mama mjamzito wa nyumba ya ishirini alishikwa na uchungu asubuhi, gari lao likiwa limezibwa na mengine sita. Matano yakaondolewa, mwenye la sita hakuonekana. Wanaume wakalibeba hilo gari dogo mikononi kama kitanda, wakaliweka juu ya ngazi za nyumba ili njia ipatikane. Mtoto alizaliwa salama. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Foleni, na anaitika.

Siku ya pili yake Mama Chaki alinunua ubao. Mbele ya ukuta wa mwisho akachora mstari mweupe, akatangaza kwamba nafasi ile moja haitawekwa gari la mtu yeyote. Ni akiba ya siku mbaya. Nyumba zote humchangia, naye hupata kodi ya chumba, ada ya mjukuu anayeishi naye, na kinachobaki kinaishia kwenye dawa ya mgongo.

Mapema mwaka huu nusura yote hayo yafike mwisho. Nyumba iliungua mtaa wa pili, na gari la zimamoto likakwama njiani kwa sababu ya magari yaliyoegeshwa. Hakuna aliyekufa, lakini manispaa ilileta barua kwa kila mtaa mwembamba. Likija gari la zimamoto na kupiga king'ora, njia iwe wazi ndani ya dakika kumi. Mtaa utakaoshindwa jaribio utawekewa vibao vya kukataza maegesho, na magari yote yatalala uwanja wa soko, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Bila magari, Mama Chaki hangekuwa na kazi. Bado anaikumbuka hesabu aliyoifanya usiku ule: nani angemwajiri mlinzi wa umri wake, mwenye mgongo wake.

Wakazi wakakubaliana sheria moja. Gari lolote lililo njiani lazima dereva wake awe nyumbani. Jaribio lilitangazwa kuwa Alhamisi, na Mama Chaki akajiandaa kwa Alhamisi.

Kulikuwa na jambo moja alilolijua peke yake, au ndivyo alivyodhani.

Msimamizi wa kiwanda cha sabuni, anayeitwa Baba Pacha kwa ajili ya mabinti zake, alikuwa akitoka saa kumi na mbili na robo kila siku, tai shingoni. Tangu miezi minne nyuma, alikuwa akirudi saa mbili, mke akishaenda kazini na pacha wakishafika shule. Analiweka gari njiani mbele ya nyumba yake, anaingia ndani na kuvuta mapazia. Saa kumi jioni anatoka tena, ili arudi saa kumi na moja kama mtu aliyetoka kazini.

Kiwanda kilikuwa kimempunguza. Hakumwambia mtu.

"Hakuniambia na mimi," anasema Mama Chaki. "Lakini mtu anayetoka kazini huwa na haraka ya kuingia ndani. Yeye alikuwa anakaa ndani ya gari kwanza."

Majirani walipouliza kuhusu gari lile la mchana, Mama Chaki aliwajibu kwamba mwenyewe huliacha hapo na kuchukuliwa na basi la kiwanda. Kila jioni alimuuliza Baba Pacha saa ya kesho, akajibiwa kumi na mbili na robo, akaandika kumi na mbili na robo, kwa mwandiko uleule.

Kisha gari la zimamoto likaja Jumanne.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mkuu wa kikosi alishuka, saa mkononi, akaulizwa na mwenyekiti wa mtaa kama si Alhamisi. "Moto nao huwa unawaandikia barua?" akajibu, na king'ora kikalia.

Njia yote ilikuwa tupu isipokuwa gari moja, la Baba Pacha. Mwenyekiti akausoma ubao. Mstari wa kumi na mbili na robo ulikuwa umefutwa, maana yake dereva hayupo. Akamgeukia Mama Chaki na kumuuliza kwa upole, jambo lililomuuma zaidi, iweje yeye wa kusimamia sheria awe wa kuivunja. Mtu mmoja akashauri walibebe. Lakini gari lenyewe lilikuwa kubwa, na waliokuwapo walikuwa wastaafu watatu, mama anayenyonyesha na fundi cherehani.

Dakika ya tano ikapita.

Mama Chaki hakuita jina. Alitembea mpaka dirisha lenye mapazia, akaegemea ukuta kama mtu anayepumzisha mgongo, akasema kwa sauti ya chini, kama aliye ndani ya chumba.

"Baba, kudanganya naweza kukudanganyia. Nimekudanganyia miezi minne. Ila gari siwezi kukuendeshea."

Anakumbuka kwamba aliona pazia likitikisika, likatulia.

"Na mimi nina mjukuu," akaongeza.

Mlango ukafunguliwa. Baba Pacha akatoka na fulana ya ndani na kaptula, ndevu za siku tatu, funguo mkononi, mbele ya macho ya mtaa mzima. Hakumtazama mtu. Akaliwasha gari, akalisogeza mpaka mwisho, akaliingiza katika mstari mweupe, ile nafasi ya siku mbaya. Gari la zimamoto likapita. Mkuu wa kikosi akatazama saa: dakika tisa na kidogo.

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani, anayesifika kwa ulimi, alichosema ni kwamba kama jirani yupo mchana basi amsaidie kunyanyua meza yake, imekuwa ikimsumbua muda mrefu. Wakaenda kuinyanyua.

Baba Pacha anasema jioni ile alimsubiri mkewe sebuleni bila tai. Alikuwa amepanga maneno mengi. Mkewe akaweka mkoba chini na kumwambia kwamba anajua tangu mwezi wa pili baada ya kupunguzwa kwake.

"Shati," anasema Baba Pacha. "Miaka tisa mashati yangu yalikuwa yananuka sabuni ya kiwandani. Yeye ndiye anayafua. Akaona hayanuki tena, akanyamaza, akingoja niseme mwenyewe. Akawa anayapiga pasi kila siku."

Mtaa ulifaulu jaribio, lakini mkuu wa kikosi aliacha onyo kwamba watarudi bila taarifa. Wiki hiyohiyo wakazi wakaamua kuacha funguo za akiba kibandani, na kwa kuwa Mama Chaki hajui kuendesha, Baba Pacha amekuwa dereva wa mchana wa mtaa. Wanamlipa, si sana. Yeye anajua gia, Mama Chaki anajua mahali. Wanabishana kutwa nzima.

Safu ya kulia ikishaondoka yote, kwenye saa mbili, huwa kuna somo. Mama Chaki anaketi nyuma ya usukani wa gari la Baba Pacha, mto mgongoni, na kwenda mpaka ukutani na kurudi. Juzi aligonga ndoo ya mwenyekiti. Mwenyekiti alisema ndoo ile ilikuwa imetoboka, ingawa majirani wanaapa ilikuwa mpya.

"Huyu atapata kazi," anasema Mama Chaki. Baba Pacha ameshaitwa sehemu mbili kuhojiwa. "Siku hiyo nitabaki peke yangu na funguo. Sitaki king'ora kilie tena niende kugonga dirisha la mtu. Nitalitoa gari mwenyewe."

Jioni magari yanarudi moja moja, na kila dereva anataja saa yake. Gari la Baba Pacha halikutoka mtaani leo, limelala safu ya kushoto pamoja na ya wastaafu. Bado Mama Chaki anamuuliza, kama anavyowauliza wote, kesho anatoka saa ngapi.

"Kesho bado, Mama."

Anaitikia kwa kichwa. Kwenye njia, gari la kutoka saa kumi na mbili na nusu linataka kusogea mbele ili lipate pa kulala, nyuma kidogo ya lile la fundi umeme. Mama Chaki analizuia kwa kiganja, na kulielekeza liache pengo la gari moja.

Pale ni kwa wa kumi na mbili na robo.