Paa wa Nyuma ya Nyumba ya Bi Doroti

Kilichonitoa Darsait, mtaani kwetu Maskati, nikenda mpaka Ohio, Marekani, ni kaburi. Msishtuke, siumwi. Lakini mwanamke wa Kiislamu akifa huteremshwa kaburini na maharimu wake: mume, mtoto, ndugu, mjukuu. Mie mume wangu nishamzika. Mwanangu Hamed nishamzika. Ndugu sikuzaliwa nao. Kabaki Nassor, mtoto wa Hamed, niliyemlea kwa mikono hii tangu hajaota meno mpaka akapata masomo ya Marekani, na huko huko akabakia, anatengeneza kompyuta za hospitali. Kwetu maiti hawekwi. Ukifa asubuhi, alasiri ushafukiwa. Mtu aliye Ohio hawahi. Kwa hivyo ama Nassor awe Maskati, ama mie niteremshwe na mikono nisiyoijua.

Kila nikimpigia simu nikimwambia rudi, jibu lake lilikuwa moja. "Bibi, kuna paa dume mmoja huku nnamtafuta miaka. Pembe zake kama mti uliopukutika majani. Nikimpata huyo, wallahi nafunga virago."

Jirani yangu Zuwena aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Weye unamngojea paa? Paa mwenyewe hana habari na weye!"

"Basi nakwenda kumtafuta," nikamwambia. "Akishakufa huyo paa, mjukuu wangu hana udhuru tena."

Siku moja kabla ya kuondoka nilishuka sokoni Matrah. Nikanunua udi mzuri, ule wa kuweka kidogo nyumba nzima ikajua, na halwa ya zaafarani, na chetezo kidogo cha udongo nikakiviringa ndani ya kanga. Mwenye duka akaniuliza nani anaoa. Nikamwambia hapana anayeoa, nakwenda kuleta mtu. Akanitazama kama mgonjwa.

Uwanja wa ndege walinikalisha kiti cha magurudumu, mie nisiyekuwa na kilema. Kijana anayenisukuma ananisemesha polepole kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu kisimani. Ndege ya kwanza nililala, ya pili nilisali nimekaa, ya tatu nilikwisha kuchoka hata na dua zangu. Nasema haya ili mjue kuwa si safari ya kwenda hapo Barka kula samaki. Mwanamke wa umri wangu hafungi safari kama ile kwa kuwa hana kazi nyumbani.

Jioni ndio nikatua Ohio. Nassor alikuja kunipokea amevaa nguo za mabaka ya kijani na kahawia, ndevu zimemjaa, nikadhani mwanajeshi. Akanibusu mkono na kichwa, adabu hakusahau. "Bibi, karibu. Umekuja wakati wenyewe, msimu wa kuwinda umeanza jana." Hakusema nimekukumbuka. Alisema msimu umeanza.

Nyumbani kwake, ukutani, vichwa vitatu vya paa vinanitazama kwa macho ya gilasi. Huyo paa wao si yule mdogo wa Unguja. Ni mkubwa kama ng'ombe mchanga, dume lina pembe zenye matawi, na akikimbia hunyanyua mkia mweupe pe chini yake kama mtu anayekupungia leso. Mwindaji wa kule hasemi nimepata nyama. Anasema nimepata pembe, na hupima kila tawi.

"Na picha ya babako iko wapi?" nikamuuliza.

"Ipo, Bibi. Ipo kwenye sanduku."

Paa ukutani, Hamed sandukuni. Nilikuja kuchukua mtu, sikuja kugombana.

Asubuhi ya pili, tukishasali, akanipeleka msitu wa serikali. Nilitaraji pori tupu. Tulikuta magari yamepangwa mlangoni kama mjini kwetu Ruwi siku ya mshahara, na kila gari limeshusha mwindaji.

"Ndiyo maana hapa hapana kitu, Bibi," akaniambia. "Wote wanakuja hapa. Wanakwenda ndani, ndani zaidi, wanadhani paa mkubwa yuko mbali. Yule hakuzeeka kwa ujinga. Kahamia pahala ambapo watu wanapapita bila ya kupatazama."

"Wapi?"

"Karibu na watu."

Siku zile zote ikawa kazi yetu ni hiyo. Mjukuu wangu anaitazama ardhi kwenye simu, kutoka juu kama mwewe, anatafuta vipande ambavyo hapana mwindaji anayevitaka. Tulikwenda nyuma ya duka la matrekta. Tulikwenda kwenye pembe ya nyasi iliyobanwa baina ya barabara kuu na mto, malori yanapita mpaka ardhi inatetema. Tulikwenda ukingoni mwa makaburi ya kanisa. Pahala penyewe padogo, pana kelele, pana mbwa wa watu, mwindaji anapaona anaendelea na njia yake. Nassor anashuka, anachuchumaa, ananionesha gome la mti lililochubuliwa kwa pembe, na udongo uliokwaruzwa kwa kwato. "Kapita hapa, Bibi. Hapa kalala." Uso wake ulikuwa unang'ara. Nikamwambia hata harusi yako ya kwanza hukung'ara hivi. Akacheka, "Ndiyo maana ikavunjika."

Vipande hivyo vina wenyewe. Anabisha mlango, anaomba ruhusa kwa adabu kama anayeposa. Mmoja alitufungia mlango usoni. Mwengine alinitazama mie na buibui langu, kisha akasema hana paa. Nyuma yake paa wawili wanakula maua yake.

Mwisho akaniambia kapata, tena kwenye kipande alichoruhusiwa zamani. Nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane kuna kipori kidogo, huwezi hata kukiita pori, kimebanwa na nyumba za watu. Kwa vile nyumba ziko karibu, bunduki imekatazwa, ni upinde tu. Kamera aliyoifunga mtini ilikuwa imempiga picha yule dume mwenyewe, kasimama kama bwana harusi.

Usiku ule nilifurahi. Na katika furaha yangu nikaharibu. Nguo zake za kuwindia zilikuwa ndani ya pipa la plastiki pamoja na majani makavu na udongo, zinanuka mvua na uozo. Nikasema mtoto hana mke, nani wa kumtengenezea nguo? Nikazifua kwa sabuni. Zilipokauka nikawasha chetezo, nikazitandaza juu yake, nikazifukiza udi mpaka kile kidude cha moshi cha darini kikaanza kulia kama bata anayechinjwa. Kwetu nguo ya mwanamme anayetoka kwa jambo kubwa haitoki haijafukizwa. Babu yake hakutoka hata kwenda kununua samaki bila udi.

Akazivaa kiza hakijatoka, ana mafua, hakusikia harufu. Akakaa juu ya mti, kwenye kile kiti chao cha kufunga kwa mikanda. Yule dume akaja, akanyanyua pua, akapiga chafya moja kubwa, akapunga mkia mweupe, kwaheri.

Nassor alirudi, hata viatu hajavua. "Bibi! Umenifanya nini? Paa ana pua! Amenusa Matrah nzima imekaa juu ya mti!"

"Mie nimekufanyia uzuri."

"Uzuri gani? Yule mnyama harudi kwa wiki!"

Hajapata kunipandishia sauti tangu azaliwe. Kampandishia bibi yake kwa ajili ya mnyama. Nilikula halwa yangu peke yangu siku ile na haikuwa na ladha.

Wiki ilipokwisha, upepo ulipogeuka, akaniambia, "Leo twende sote. Weye utakaa na mwenye nyumba." Najua alichokusudia. Hakutaka nibaki peke yangu na nguo zake.

Alasiri tukafika kwa Bi Doroti. Jina lake wao wanalitamka vyengine, mie ndivyo nnavyolimudu. Bibi mwembamba, mweupe kama karatasi, umri wangu au kunizidi, anatembea kwa mkongojo. Alipomuona Nassor alifungua mikono, akamkumbatia kama wake. Na Nassor, kabla hajagusa upinde, akaenda kupasua kuni. Akazipanga karibu na mlango ili bibi asiende mbali. Akapanda ngazi akabadilisha taa ya ukumbini. Akafungua friji, akatazama maziwa kama yamekwisha. Anajua sukari iko wapi katika nyumba ile. Kwangu Darsait, mara ya mwisho alipokuja, aliniuliza sukari iko wapi.

Bi Doroti akanishika mkono, anasema na machozi yanamlengalenga.

"Anasemaje?" nikamuuliza Nassor.

"Anasema karibu."

"Kasema maneno mengi kuliko karibu. Nisomee yote."

Nassor akajikuna ndevu. "Anasema umelea vizuri. Anasema mie nakuja kwake kila Jumamosi, hata msimu ukifungwa. Wanawe wako mbali, hawaji."

"Na hilo la mwisho? Kaonesha bega lake."

Akafunga mlango wa friji.

"Nassor."

"Anasema... akifa, nimemuahidi nitakuwa mmoja wa wale wanaobeba jeneza lake."

Nilimtazama yule bibi. Hana kosa. Kalilia mtu wa kumbeba akampata, tena bila ya kupanda ndege tatu. Bei yake ilikuwa kipori cha nyuma, basi, kile ambacho kila mwindaji anakipita.

Jua likiwa linataka kushuka tulikuwa dirishani mwa jiko, mie na yeye, kila mtu na kikombe chake. Yule dume akatokea. Nikiri kweli, mzuri. Anakwenda hatua anasimama, hatua anasimama, pembe zimembeba yeye si yeye kazibeba. Upinde haulii. Nilimuona karuka tu, akakimbia mbio fupi, miguu ikamkataa.

Nilitoka nje na mkongojo wa mwenye nyumba. Nassor kapiga magoti mbele ya mnyama, analia kwa furaha, mabega yanatikisika. Siku ya kumzika babake alisimama kama nguzo.

"Umesoma bismillahi?" nikamuuliza.

"Nimesoma, Bibi. Kabla ya kuachia mshale."

"Basi nyama halali."

Mguu mmoja wa nyuma alimpa Bi Doroti, fungu la mwenye ardhi. Hapo sikumlaumu, ndiyo ada. Kesho yake nilipika ule uliobaki kwa bizari na ndimu, nikamuwekea sahani, nikangoja amalize.

"Haya, mume wangu," nikamwambia, maana tangu mdogo namtania hivyo. "Paa kafa. Virago."

Akafuta mikono. Akasema pembe lazima zikauke kwanza ndio zipimwe. Akasema kichwa kinakwenda kwa fundi, na fundi ana foleni. Akasema kazini hawezi kuondoka ghafla. Nilimuacha aseme mpaka zikamwishia.

"Na Bi Doroti, Bibi. Hana mtu."

"Na mie nna nani?"

"Weye una Maskati nzima."

"Maskati nzima si maharimu wangu, Nassor!"

Akainamisha kichwa. Akasema, "Mwakani, inshallah." Nimeishi miaka mingi ya kutosha kujua inshallah ya mtu anayekwenda na ya mtu anayekufukuza kwa upole.

Safari ya kurudi sina la kuisimulia. Kiti cha magurudumu sikukikataa.

Nilipofika Darsait joto lilinipiga usoni nikalishukuru. Zuwena alikuwa mlangoni kabla teksi haijazima.

"Paa kafa?"

"Kafa."

"Na Nassor?"

"Mzima."

Akanitazama, hakucheka safari hii. Akabeba begi langu mwenyewe mpaka juu.

Sasa mnataka kujua nimejifunza nini, maana mtu aliyesafiri anatakiwa arudi na kitu. Nimejifunza kuwa mjukuu wangu si mvivu wala hana roho mbaya. Ingekuwa hivyo ningelala. Ana subira ya kukaa juu ya mti katika baridi mpaka vidole havisikii. Ana jicho la kuona pahala ambapo kila mtu anapapuuza, na ulimi wa kuomba, na mkono wa kumtumikia mzee. Vyote hivyo nilimtia mie. Nilidhani nnajiwekea akiba yangu, kumbe nnailea riziki ya mwanamke wa Ohio. Mwenye kulea asihesabu. Hilo hawakuniambia.

Ijumaa baada ya sala nilimuita mume wa Zuwena, Bwana Suleiman, ambaye ndiye anayesimamia maziko mtaani kwetu. Nikamkaribisha kahawa, nikamuuliza waziwazi: mwanamke asipokuwa na maharimu wa karibu, nani anashuka naye?

"Hushuka watu wema, Bi Thuwaiba. Watu wazima, wenye kuaminika."

"Basi nimekuchagua weye."

Akakiweka kikombe chini. "Allah akupe umri. Lakini Nassor yupo, mama. Siku hizi kuna ndege, kuna vyumba vya baridi vya kuhifadhia. Tutampigia simu, tumngoje siku moja, mbili..."

"Mpigieni," nikamwambia. "Ni haki yake kujua. Lakini msimngoje."