Kichaka Kilichofagiwa

Kabla tajiri hajajenga ghorofa zake huku Diani, sheria inamtaka kwanza amtafute jongoo. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nikiuza madafu kando ya barabara, shule niliishia kidato cha pili, na ndoto zangu zote zilikuwa za mambo makubwa: ndege, meli, kuwa na friji. Kisha akaja mama mmoja kutoka bara, kofia pana, begi limejaa chupa tupu, akaniuliza kama namwogopa tandu. Nikamwambia simwogopi. Nilikuwa namwogopa sana, lakini kibarua ni kibarua.

Kazi ilikuwa katika kiwanja kilichopakana na nyumba ya shangazi yangu, upande wa kuelekea Kinondo. Kichaka cha juu ya mawe ya matumbawe, na pembeni mwake mikoma. Shangazi hufuma mikeka, na miyaa yake yote, yaani majani ya mikoma hiyo, huikata hapo. Kiwanja si chake, lakini wenyewe wa zamani hawakuwahi kumkataza, naye hakuwahi kuuliza. Mikoma ikiondoka, ingembidi aende mbali, na goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kukataa safari.

Yule mama, tuliyemwita daktari kwa usomi wake wa wadudu, alinieleza vizuri. Wakipatikana wadudu na konokono wa kutosha, hasa wale wasiopatikana kwingine, atapendekeza sehemu ile ya kichaka iachwe na nyumba zisogezwe. Wasipopatikana, basi. Siku ya kwanza tulipima miraba ya ardhi, tukaizungushia kamba nyekundu. Kesho yake tungechekecha majani makavu ya ndani ya kila mraba juu ya kitambaa cheupe na kuona nani anaishi humo. Mimi nilishaanza kuota. Nilijiona nimeshika konokono asiyejulikana na dunia, naye amepewa jina langu.

Jioni nikamsimulia shangazi. Alikuwa akisuka ukili, hakuinua uso.

"Kwa hiyo hao wageni wakipapenda pale, mikoma yangu itabaki?"

"Ndiyo, shangazi. Wakiridhika na watakachokiona."

"Na wanakuja kesho asubuhi?"

"Asubuhi."

"Haya, mwanangu. Wataridhika."

Nilifurahi kwamba amenielewa upesi hivyo.

Asubuhi nikafika na daktari na msimamizi wa mradi wa ghorofa, bwana mmoja wa koti la rangi ya chungwa linalong'aa. Tukasimama sote watatu. Kichaka kilikuwa kimefagiwa. Si kufagiwa ovyo. Kilifagiwa kama uwanja wa nyumba yenye harusi, mistari ya ufagio wa chelewa imelala sambamba kutoka shina hadi shina. Hapakuwa na jani. Kamba zetu nyekundu ziliondolewa na kurudishwa mahali pake, zimenyooka kuliko tulivyoziacha sisi. Na pamenyunyiziwa maji, vumbi lisije likawasumbua wageni.

"Nani amefanya hii?" daktari akauliza, sauti imemtoka nusu.

Shangazi akatokea na sinia la mahamri na mbaazi, nyuma yake majirani wawili na birika la chai. Walianza kufagia mara tu baada ya sala ya alfajiri.

"Karibuni, wageni wetu. Sasa angalau mahali panapumua. Mngepakuta kama palivyokuwa jana mngetuonea aibu, palijaa matakataka na madudu."

Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivyo? Mpe daktari kigoda."

Msimamizi ndiye aliyechangamka. "Umeona, daktari? Mimi nilisema. Hapa hakuna mdudu hata mmoja." Akajipiga kofi shingoni, kisha mkononi. Mbu walikuwa hawajafagiwa.

Daktari alikaa kwenye kigoda, akamtazama shangazi, akatazama mahamri. Nadhani alitaka kukasirika, lakini mtu hakasiriki huku anapewa mbaazi. Akala. Shangazi, aliyesikia neno daktari na kulichukua kama lilivyo, akamwonyesha goti. Daktari akaliangalia kwa heshima kabisa, akamshauri aende hospitali.

Majani yenyewe yalikuwa kwenye jaa nyuma ya jiko la shangazi, bado hayajachomwa kwa sababu yalikuwa na umande. Nikachungulia. Lilikuwa linatembea lile jaa! Jongoo, buibui, mende wa rangi ya shaba, wote wamehamishiwa kwetu bila hiari yao.

"Si tuchekeche haya?" nikasema.

"Hapo si kwenye kiwanja," msimamizi akadakia. "Hao ni wadudu wa mama huyu."

Na daktari akakiri kwamba ni kweli. Kwa mujibu wa utaratibu, uwanja wa shangazi ulikuwa hazina ya viumbe, na kichaka kilikuwa jangwa.

Tukamweleza shangazi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini, mikono mapajani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeikata mikoma yangu."

Daktari akamwinamia. "Hapana, mama. Nitasema eneo limevurugwa, halafu nirudi majani yakishaanguka tena. Lakini hapa pasiguswe."

"Limevurugwa?" Shangazi akainua kichwa. "Tulilifagia!"

Msimamizi alipiga simu ya malalamiko, akapiga nyingine, mwishowe akakubali kungoja.

Sijawahi kumwona mtu akiteseka kama shangazi katika muda ule. Majani yalidondoka, yakalala, yakaoza, na wapita njia wakaona. "Bibiye, siku hizi mnafuga taka?" jirani mmoja, mmoja wa wale wale waliofagia, alimtania. Shangazi akamjibu, "Nafuga, ndiyo. Usikanyage." Kuna asubuhi nilimkuta kwenye kamba, ufagio mkononi, amesimama tu. Akanitazama, akageuka nao nyumbani. Kuku akiingia kuchakura alifukuzwa kwa mawe na kwa matusi ambayo sitayaandika.

Daktari akarudi baada ya mvua. Tulichekecha siku nzima, na tandu wawili walinipitia karibu na vidole nikajifanya sikuwaona. Mwishoni daktari akashika kwa kibano konokono mdogo kama punje ya mchele, akatabasamu hadi masikioni.

"Ni mpya?" nikauliza. "Hajulikani?"

"Anajulikana zamani sana. Lakini anaishi kwenye vichaka vya mawe kama hivi tu."

Basi, jina alikuwa nalo. Nilihuzunika kidogo, kisha nikaona heri. Jina langu lingekuwa refu kuliko yeye.

Ramani ya ghorofa ikasogezwa. Shangazi aliomba amwone mwokozi wake, akamweka kwenye kiganja, akamgeuzageuza.

"Hiki? Hiki ndicho kilichosogeza ghorofa?"

"Ndicho, shangazi."

"Hata kitoweo hakifai." Akamrudisha chini ya jani, polepole, kwa ncha ya kidole.

Ghorofa zimesimama sasa, upande wa pili wa kichaka. Shangazi akiingia kukata miyaa, wapangaji hutoka kwenye roshani zao kumpiga picha. Mara ya kwanza alisimama, kisu mkononi, akawatazama. Kisha akajifunga leso vizuri kiunoni, akaendelea kukata.