Talaka ya Furaha Yatafuta Shahidi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya familia mjini Louisville, niliapishwa kuwa mkalimani wa Kiswahili, na kabla sijakaa sawasawa nikatakiwa nimwulize mama mmoja wa mtaa wa Beechmont, rika la mama yangu, kama tangu atengane na mumewe wamewahi kulala pamoja. Sheria ya kule inataka wanandoa watengane kwanza kwa muda ndipo waachane, na wanaruhusiwa kutengana humo humo ndani ya nyumba moja, mradi wasikutane kitandani. Nikauliza. Mama wa watu akafunika uso kwa mtandio. Mratibu wa wakalimani, mkubwa wangu wa kwanza, aliniita pembeni: "Kama unaona aibu, kazi hii si yako." Niliona aibu, na kazi nikaifanya mpaka nikazeeka nayo.

Nyie mnaoingia kazi hii sasa, jueni kwamba mkalimani hana maoni. Shahidi akisema "nilipigwa", nawe unasema "nilipigwa", siyo "anasema alipigwa". Kila kinachotamkwa kizimbani unakifasiri, hata tusi. Uamuzi ukikukera, unameza. Mimi nimemeza mengi, jamani.

Baadaye nilihamia Buffalo, jimbo jingine lenye sheria yake, nikapanga kitongoji cha Kenmore. Huko nilipumua. Mmoja wa wanandoa akiapa kwamba ndoa imekufa na haifufuki, neno lake linatosha. Kinachobaki ni kugawana mali na kupanga malezi ya watoto. Nikadhani nchi nzima imeshaelewa. Wapi! Nikahamia Columbus, jimbo jingine tena.

Columbus ndiko nilikomkuta Furaha, Mkongomani aliyekuwa akifunga mizigo kwenye ghala. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, jimbo jingine. Lakini kila alipopita mjini aliingia kwa Furaha na ufunguo wake, amelewa, akivunja vyombo. Polisi walipoitwa walisema huyo ni mume na hapo ni kwake. Furaha alitaka kitu kimoja tu, kubadilisha kitasa, na kwa hilo alihitaji talaka.

Siku ya kesi mume hakuja hata kupinga. Furaha aliapa, akaeleza yote. Jaji akauliza, "Shahidi wako yuko wapi?" Maana kule neno la mke peke yake halitoshi, lazima mtu mwingine alithibitishe. Kesi ikaahirishwa. Nilifasiri hayo huku nimekasirika. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, haaminiwi kuhusu nyumba anayoishi mwenyewe!

Na nani angekubali kusimama? Mchungaji alisema hawezi kuvunja alichokibariki. Majirani walisema mambo ya ndani hayawahusu. Mimi niliyajua yote, lakini mkalimani wa kesi hawi shahidi wake.

Aliyekuja mwishowe ni mama mzazi wa mume, bibi aliyekuwa akiishi kwa Furaha miaka yote hiyo. Alipanda kizimbani amevaa kitenge chake cha kanisani. Wakili wa Furaha alimwuliza mume huyo ni nani kwake. Akajibu, nami nikasema kwa mdomo wangu, "Mimi ndiye niliyemzaa." Akaeleza ulevi, vyombo, yule mwanamke mwingine. Kisha akamgeukia jaji, kwa Kiswahili cha kwao:

"Bon, huyu binti alisha kuwaambia maneno yote. Hamukumuamini? Mulikuwa munangoja mpaka miye nimuseme mutoto wangu?"

Nikafasiri neno kwa neno, na safari hii sikumeza kitu. Jaji akasema ndivyo sheria inavyotaka. Talaka ikatoka siku hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sheria za talaka zimepitwa na wakati. Hebu niacheni! Zilipaswa kurekebishwa kabla bibi yule hajapanda kizimbani. Juzi niliwatembelea Furaha na bibi. Kitasa ni kipya. Furaha alikuwa kazini, bibi ndiye aliyenifungulia, simu mkononi. Aliniomba nimpigie mwanawe kwa namba yangu, kwa kuwa akiona ya mama yake hapokei tena. Nikapiga, akapokea. Nikampa bibi simu.

Aliposikia sauti ya mama yake, akakata.