Gurudumu Linalozunguka Bure

Siku ya kwanza kazini, kwenye depo ya vinywaji kule Rubona, Rwanda, fundi mkuu hakunipa usukani wa foklifti, mashine ya kunyanyulia kreti. Alinipa kitambaa, nifute grisi. "Mama, ujue kwanza kilichomo tumboni mwa mashine," alisema. "Kuendesha utajifunza baadaye." Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, shule nimeiachia darasa la nne, na mwanamke juu ya foklifti watu walimcheka.

Alinionyesha betri, nzito kama ng'ombe mzima; uzito wake husaidia mashine isipinduke mbele ikibeba mzigo. Umeme unatoka pale unaingia kwenye mota. Mota inazunguka mbio sana, lakini mbio hazisukumi mzigo. Kwa hiyo inapitia giaboksi, meno madogo yakizungusha makubwa; mbio zinapungua, nguvu inaongezeka. Mwisho ni difu, katikati ya magurudumu mawili ya mbele. Ukikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Difu inaliacha moja likimbie, lingine lipunguze, yasikwaruze sakafu.

"Lakini difu ina ujinga wake," fundi alisema. "Gurudumu moja likikanyaga utelezi, litazunguka bure, na la pili litasimama tu. Hapo zima. Usikanyage pedali."

Nilikanyaga.

Miaka ilikuwa imepita, fundi ameshastaafu. Kreti zilianguka, bia ikamwagika, gurudumu langu la kushoto likakanyaga utelezi, likaanza kuzunguka bure. Faustini, mpakiaji wetu, alifanya tulivyozoea sote pale: alichota changarawe nyeusi ya volkano, akapiga magoti, akaisukuma kwa mkono chini ya gurudumu.

"Toka hapo, Faustini!"

"We Mama Deo, unaogopa kama mugeni!" Akacheka.

Shefu, mkubwa wa depo, akapiga kelele kutoka mlangoni. "Kanyaga, Mama! Kamyo iko inangoja kupakiwa!"

Nikakanyaga. Mota ya umeme haikohoi kwanza kama dizeli. Nguvu yake inakuja yote mara moja. Changarawe ilishika, mashine ikaruka mbele, ikampanda mguu. Hospitali waliukata chini ya goti.

Shefu aliandika kwamba Faustini aliingia mbele ya mashine kwa uzembe wake. Akanisogezea karatasi. "Bon, tia sahihi, ama mutatoka kazini wote wawili." Nilikuwa na watoto wanne. Nilitia. Faustini akaachishwa kazi. Mimi nikahamishiwa bohari ya saruji, nikaendesha hadi magoti yakakataa.

Ninyi mnaokalia kiti cha foklifti leo, sikieni. Gurudumu likizunguka bure, zima. Watu wasogee mbali, ndipo mchanga umwagwe kwa koleo. Shefu akipiga kelele, mwacheni apige.

Sasa Faustini anashona viatu mtaa wa Mbugangari. Nikipita ananisogezea kigoda, anauliza presha yangu inaendeleaje, halafu anawaambia wateja, "Huyu mama peke yake ndiye alinikataza siku ile." Hajui kwamba kwenye karatasi ile iliyomtupia lawama, chini ya jina la shefu, liko langu. Nakaa kwenye kigoda chake, nampa kiatu ashone.